Chembe Nyeupe za Damu Zinaposhuka

Chembe nyeupe za damu ndizo zinazoulinda mwili dhidi ya vijidudu, na zikipungua kupita kiasi, maradhi madogo ambayo siku nyingine yangepita yenyewe huweza kumlaza mtu au kumuua. Hata hivyo, si kila upungufu ni hatari. Wapo watu waliozaliwa na hesabu ndogo ya chembe hizi, wakakua, wakalea watoto na wajukuu bila shida yoyote. Wapo pia ambao hesabu ikishuka na homa ikaingia usiku, kunakucha wakiwa mahututi. Kuyatofautisha makundi haya mawili ndiyo kazi kubwa ya daktari, na mgonjwa na jamaa zake wana nafasi yao katika kazi hiyo.

Chembe hizi huzaliwa ndani ya uboho, ile nyama laini iliyo katikati ya mifupa, hasa mifupa ya nyonga, kidari, mbavu na uti wa mgongo. Ziko za aina 5. Neutrofili ndizo nyingi zaidi kwa mtu mzima, na kazi yao ni kuwahi mahali walipoingia bakteria au fangasi, kuwameza na kuwaua. Limfosaiti hupambana zaidi na virusi, hutengeneza kingamwili na huweka kumbukumbu ya maradhi yaliyopita. Monosaiti husafisha mabaki na kukabili vijidudu vigumu kama vya kifua kikuu. Eosinofili hupanda mtu anapokuwa na minyoo au mzio. Basofili ni chache mno, na kupungua kwake hakumpi daktari taarifa ya maana.

Neutrofili hazina maisha marefu. Zikishaingia kwenye damu hukaa kwa saa chache tu, kisha huhamia katika nyama za mwili, na kwa hiyo uboho wa mtu mzima hulazimika kutoa mpya karibu bilioni 100 kila siku. Chembe nyekundu, kwa kulinganisha, huishi siku 120 hivi. Ndiyo sababu dawa au ugonjwa unaousimamisha uboho kwa wiki moja tu huonekana mapema kwenye neutrofili, wakati wekundu wa damu bado haujabadilika. Damu yenyewe kwa chembe hizi ni barabara tu: nyingi zimo kwenye uboho zikisubiri, nyingine zimekwishafika kwenye mapafu, ngozi na utumbo, na kipimo cha maabara huhesabu zile zilizokutwa njiani.

Kipimo hicho huitwa picha kamili ya damu. Mililita 2 au 3 za damu huchukuliwa mshipani na kutiwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, ambacho ndani yake kuna dawa ya kuzuia damu isigande. Mashine huhesabu na kutoa karatasi yenye safu za herufi na tarakimu. Mstari wa juu kwa kawaida huandikwa WBC, nao ndio jumla ya chembe nyeupe. Tarakimu ikisomeka 3.2, maana yake ni chembe 3,200 katika kila mikrolita ya damu, kiasi kinacholingana na milimita moja ya ujazo. Vitabu vingi huweka kiwango cha kawaida cha mtu mzima kati ya 4,000 na 11,000. Matokeo yakiwa chini ya hapo, mashine huweka herufi L au mshale unaoelekea chini, na hapo ndipo watu wengi huingiwa na hofu kabla hata ya kuonana na daktari.

Jumla peke yake haitoshi kumtia mtu hofu. Swali la kwanza ni chembe zipi zilizopungua, na mara nyingi jibu linatafutwa kwenye mstari wa neutrofili. Mstari huo huandikwa kwa namna mbili, kwa asilimia na kwa hesabu halisi, na ya kutazamwa ni hesabu halisi. Mtu mwenye jumla ya 3,200 na neutrofili asilimia 40 ana neutrofili 1,280. Mwenzake mwenye jumla hiyo hiyo lakini neutrofili asilimia 10 ana 320 tu. Karatasi zao zinafanana kwenye mstari wa juu, lakini wa kwanza anaweza kurudi nyumbani akapimwa tena baada ya wiki kadhaa, na wa pili hapaswi kuondoka hospitalini bila kuonwa na daktari.

Kwa vipimo vinavyotumika sehemu nyingi duniani, neutrofili zikiwa chini ya 1,500 huhesabiwa kuwa zimepungua. Kati ya 1,000 na 1,500 upungufu ni mdogo, kati ya 500 na 1,000 ni wa wastani, na chini ya 500 ni mkubwa. Mipaka hii ina msingi wake. Mwaka 1966 Gerald Bodey na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walichapisha utafiti wao juu ya wagonjwa wa saratani ya damu. Walionyesha kwamba maambukizi huongezeka kadiri neutrofili zinavyopungua, na kwamba muda nao una uzito wake: aliyekaa majuma kadhaa na hesabu ya chini huambukizwa zaidi kuliko yule ambaye hesabu yake ilishuka kwa siku chache kisha ikapanda. Madaktari wa saratani wanauzingatia utafiti huo mpaka leo.

Kwa Waafrika kuna jambo jingine, na ni kubwa. Watu wengi wa Afrika kusini mwa Sahara wamerithi badiliko dogo la jeni linalofanya chembe nyekundu zao zikose kitu kinachoitwa antijeni ya Duffy. Mwaka 1976 Louis Miller na wenzake walionyesha kwamba watu wasio na antijeni hiyo hawashikwi kwa urahisi na malaria ya aina ya vivax, kwa kuwa kimelea chake huitumia kama mlango wa kuingilia. Kinga hiyo ndiyo inayodhaniwa kulieneza badiliko hilo barani. Mwaka 2009 ikabainika kwamba badiliko lilo hilo ndilo linalowafanya wengi wao wawe na neutrofili chache kwenye damu. Hawaugui zaidi ya watu wengine. Uboho wao ni mzima, ila neutrofili zao huelekea kutoka haraka kwenye damu na kuingia katika nyama za mwili. Hali hii hupatikana pia kwa Wayahudi wa asili ya Yemeni na kwa baadhi ya Waarabu wa Ghuba.

Mwaka huo huo wa 2009 ulichapishwa utafiti uliowapima watu wazima wenye afya njema katika nchi za Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia. Kiwango chao cha chini cha kawaida kilikuwa karibu 3,100 kwa chembe nyeupe zote, na karibu 1,000 kwa neutrofili. Yaani mtu mzima kabisa wa Kigali au Kilifi anaweza kupewa karatasi yenye mshale wa chini kwa sababu tu mashine imewekewa mipaka ya Ulaya. Athari zake haziishii kwenye hofu. Wagonjwa wenye asili ya Kiafrika wamecheleweshewa dawa za saratani au kupunguziwa dozi, na wengine wamesimamishiwa klozapini, dawa ya ugonjwa wa akili isiyo na mbadala mzuri kwao, kwa upungufu ambao haukuwa ugonjwa. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka mwaka 2015 mipaka ya chini zaidi ya klozapini kwa watu wenye hali hii. Maabara za Afrika Mashariki zina kila sababu ya kutumia mipaka iliyotokana na watu wa Afrika Mashariki.

Lakini haifai kudhani tu kwamba kila Mwafrika mwenye hesabu ndogo amerithi hali hiyo. Dalili zake ni kwamba hesabu haibadiliki sana mwaka hadi mwaka, chembe nyekundu na chembe sahani, zile za kugandisha damu, ziko sawa, na mwenyewe hana historia ya majipu, nimonia au vidonda vya mdomoni vya mara kwa mara. Hapo ndipo karatasi za zamani zinapokuwa na thamani kuliko kipimo kipya cha gharama. Hesabu ya 1,200 kwa mtu aliyekuwa na 1,300 miaka 5 iliyopita ni habari njema. Hesabu hiyo hiyo kwa mtu aliyekuwa na 4,000 mwezi uliopita inahitaji kutafutiwa sababu.

Sababu ya kawaida kuliko zote ni virusi. Mafua makali, surua, homa ya ini na dengi hushusha chembe nyeupe kwa siku kadhaa, kisha hupanda zenyewe, mara nyingi ndani ya wiki 1 hadi 3. Wakati wa milipuko ya dengi Dar es Salaam, kama ile ya mwaka 2014 na 2019, mgonjwa mwenye homa kali, maumivu nyuma ya macho na chembe nyeupe zilizoshuka alistahili kudhaniwa dengi mapema. Mgonjwa wa aina hiyo anapaswa kuepuka aspirini, diklofenaki na ibuprofeni, kwa kuwa chembe sahani nazo hushuka na damu huweza kumtoka.

Maambukizi mengi ya bakteria hupandisha chembe nyeupe, lakini homa ya matumbo huelekea kuzishusha. Maambukizi makali yaliyoingia kwenye damu nayo huzishusha, pale zinapotumika haraka kuliko uboho unavyoweza kuzitoa, na hiyo ni dalili mbaya, hasa kwa mtoto mchanga. VVU visivyotibiwa hupunguza limfosaiti za CD4, na vinaweza kupunguza neutrofili pia. Kwa hiyo mtu mwenye upungufu usioelezeka hupimwa VVU mapema. Kala-azar, inayopatikana Baringo, Turkana na Pokot Magharibi nchini Kenya, huleta homa ya muda mrefu, kukonda na tumbo lililovimba upande wa kushoto, na humuua mgonjwa asipotibiwa. Uvimbe huo wa kushoto ni wengu. Wengu uliokua, uwe umekuzwa na kala-azar, malaria ya mara kwa mara au kichocho cha tumbo kinachosumbua watu wa kando ya Ziwa Viktoria, huzishikilia chembe za damu ndani yake na kuziharibu.

Dawa ndizo zinazohitaji kuulizwa kwa makini zaidi, kwa sababu mgonjwa mara nyingi hazitaji. Kotrimoksazoli, ambayo watu huiita Septrini, inaweza kushusha neutrofili. Zidovudini, moja ya dawa za kufubaza VVU, nayo inaweza. Zimo pia methotreksati ya baridi yabisi, baadhi ya dawa za kifafa, na metamizoli, dawa ya maumivu iliyoondolewa sokoni Marekani mwaka 1977 na inayoendelea kuuzwa katika nchi kadhaa. Kabimazoli, inayotolewa kwa tezi la shingo linalofanya kazi kupita kiasi, huangusha neutrofili ghafla kwa wachache, chini ya mtu 1 kati ya 100, hasa katika miezi 3 ya mwanzo. Anayeitumia akipata homa au koo likimuuma sana, aiache na apimwe damu siku hiyo hiyo. Kwa dawa nyingine zote, na hasa za VVU, mgonjwa asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Daktari ndiye atakayepima ni ipi ya kubadilishwa.

Upungufu wa vitamini B12 au wa foliki hushusha chembe zote, nyeupe na nyekundu. Magonjwa yanayoufanya mwili ujishambulie, kama lupasi, huharibu chembe nyeupe moja kwa moja. Upungufu wa kurithi ulio mkali ni nadra. Upo hata unaokuja na kuondoka kila baada ya siku 21 hivi, ukimwachia mtoto vidonda vya mdomoni kila mzunguko. Na uboho wenyewe ukiugua, kwa saratani ya damu au kwa kunyauka, chembe nyeupe hupungua pamoja na nyekundu na sahani. Mtu aliyepauka, anayetoka damu kwenye fizi na mwenye chembe nyeupe chache hapaswi kusubiri kliniki ya mwezi ujao.

Daktari akipata matokeo ya chini kwa mtu asiye na dalili, hatua ya kwanza ni kupima tena. Damu iliyokaa muda mrefu kabla ya kupimwa au iliyoganda kidogo kichupani huweza kudanganya mashine. Kisha tone hupakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini, kwa sababu jicho la mtaalamu huona chembe changa za saratani au maumbo ambayo mashine haiyatambui. Kwa wengi safari huishia hapo: hesabu imerudi au imebaki ile ile, na hakuna dawa inayohitajika. Kwa wachache hufuata kipimo cha uboho, unaofyonzwa kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga baada ya ganzi.

Tiba ni kushughulikia chanzo. Imani iliyoenea kwamba juisi ya rozela, bitiruti au maini huongeza chembe nyeupe imetokana na kuchanganya mambo mawili. Mtu anapoambiwa ana damu pungufu, kinachozungumzwa ni hemoglobini, yaani wekundu wa damu. Kuongezewa damu hospitalini pia huinua chembe nyekundu, si nyeupe. Mboga za majani, kunde, samaki, mayai na nyama humsaidia aliyekosa foliki au vitamini B12, na ni lishe nzuri kwa mgonjwa yeyote, lakini haviuamshi uboho uliosimamishwa na dawa za saratani. Dawa za mitishamba zitajwe kwa daktari bila woga, kwa sababu baadhi hugongana na tiba.

Ipo sindano inayouchochea uboho utoe neutrofili, nayo ni filgrastimu. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1991, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Huchomwa chini ya ngozi kila siku kwa siku kadhaa, huhifadhiwa kwenye jokofu, na inaweza kuumiza mifupa. Haihitajiki kwa kila mtu. Hutolewa hasa kwa wanaopata dawa kali za saratani na kwa watoto waliozaliwa na upungufu mkubwa. Bei bado ni kikwazo kwa familia nyingi, ingawa kuja kwa aina zinazofanana nayo kumeipunguza.

Mgonjwa wa saratani anayechomwa dripu za kemo, yaani dawa kali za saratani, ndiye aliye hatarini zaidi, na hatari yake ina kalenda. Neutrofili hazishuki siku ya dripu. Kwa dawa nyingi hufikia chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha hupanda, na dozi inayofuata mara nyingi huwekwa siku ya 21. Maana yake ni kwamba aliyetibiwa Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam na kurudi Kigoma au Songea hufikia siku zake mbaya akiwa nyumbani, mbali na wahudumu wanaoujua ugonjwa wake.

Siku hizo zina masharti yake. Vijidudu vingi vinavyomwangusha hutoka mwilini mwake mwenyewe, yaani utumboni, mdomoni na kwenye ngozi. Kwa hiyo kumfungia chumbani hakutoshi. Asafishe kinywa kwa mswaki laini, anawe mikono kwa sabuni yeye na wanaomhudumia, na asiwekewe dawa wala kipimajoto kwa njia ya haja kubwa. Ale chakula kilichoiva vizuri na cha moto, anywe maji yaliyochemshwa, aache maziwa mabichi, nyama isiyoiva na juisi za barabarani zenye barafu. Tunda lililooshwa na kumenywa kwa mikono safi halina ubaya. Majaribio hayajaonyesha kwamba kumnyima mgonjwa matunda yote mabichi humpunguzia maambukizi. Wenye mafua au tetekuwanga wasimtembelee. Chanjo zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kama ya surua na ya homa ya manjano, zisubiri ruhusa ya daktari.

Kila nyumba yenye mgonjwa wa kemo inapaswa kuwa na kipimajoto. Joto likifika 38.3 mara moja, au 38 likakaa saa nzima, hiyo ni dharura. Mgonjwa huyu huenda asiwe na usaha wala kohozi, kwa kuwa usaha hufanywa na neutrofili, naye hana. Homa inaweza kuwa dalili pekee. Anahitaji damu ya kuoteshwa maabara na antibayotiki za mshipani ndani ya saa moja baada ya kufika. Kipimo cha malaria kifanywe, lakini antibayotiki zisisubiri majibu yake. Kinachowapoteza wengi ni mazoea: homa imeingia jioni, mtu anatumwa duka la dawa, inaletwa dawa mseto ya malaria na panado, joto linashuka kidogo, familia inalala. Panado haiponyi maambukizi hayo. Huificha tu homa ambayo ingewaamsha jamaa.

Anayempeleka asikae kwenye foleni. Afike mlangoni na kumwambia muuguzi maneno mawili kabla ya mengine yote: mgonjwa yuko kwenye kemo, na ana homa. Aonyeshe na karatasi ya mwisho ya damu. Apelekwe usiku huo huo.